Kushinda Bila Kuwa na Kasi Kuliko Wote: Miaka ya Kazi ya Meb Keflezighi

(Mhadhara kwa makocha na wakimbiaji vijana wa mbio ndefu, Arusha)

Shikamooni wazee wangu. Vijana, hamjambo.

Wakati wa chai nimesikia mnong'ono pale nyuma: kwa nini tuletewe habari za Mmarekani, wakati ukivuka Namanga tu unawakuta waliobobea? Swali zuri, na aliyeuliza asijifiche. Nitalijibu kwa namba, maana naona makocha mmekuja na saa zenu shingoni.

Muda bora wa marathoni wa Meb Keflezighi, katika maisha yake yote, ni 2:08:37. Mzee wetu Juma Ikangaa alishinda New York mwaka 1989 kwa 2:08:01. Kwa hiyo Ikangaa, kwa viatu vya zama zile, alikuwa na kasi zaidi ya huyu bwana aliyestaafu mwaka 2017. Na Kenya, katika mwaka mmoja tu, unaweza kuhesabu wanaume kwa makumi waliokimbia chini ya 2:08:37, wengi wao hata majina yao hamjawahi kuyasikia.

Lakini Meb ana medali ya fedha ya Olimpiki. Alishinda New York. Alishinda Boston. Kabla yake hakuna mwanamume yeyote aliyekuwa amevikusanya vitu hivyo vitatu, yaani medali yoyote ya Olimpiki na mataji hayo mawili, na ilipita miaka mingi mpaka Mkenya Benson Kipruto akafanya hivyo aliposhinda New York mwaka 2025. Upande wa akina mama wamo Peres Jepchirchir na Hellen Obiri. Sasa mtu ambaye saa inamkataa amewezaje kuwatangulia wanaume hao wote? Hilo ndilo nililokuja kulizungumza. Nadhani jibu lake linawahusu vijana wa Arusha, Manyara na Singida kuliko linavyowahusu vijana wa Iten, ule mji wa wakimbiaji huko Kenya, kwa sababu wale wa Iten wana kasi ya kuchezea na sisi hatuna.

Mebrahtom Keflezighi alizaliwa Asmara, Eritrea, mwaka 1975, wakati wa vita vya kudai uhuru kutoka Ethiopia. Baba yake alitoroka kwa miguu mpaka Sudani mwanzoni mwa miaka ya themanini, akafika Italia, akafanya kazi mpaka akaweza kuiita familia Milan mwaka 1986. Mwaka uliofuata wakahamia San Diego, California. Watoto walikuwa wengi na fedha zilikuwa haba. Meb amesimulia kwamba baba alikuwa akiwaamsha alfajiri, saa kumi na nusu, wakae na kamusi kujifunza Kiingereza kabla ya kwenda shule.

Hapo naomba mnisikilize vizuri, kwa sababu watu hupenda kusema, "Ah, huyo ni Mwafrika, damu ile ile, tangu utotoni anakimbia kwenda shule." Sivyo. Hakufundishwa riadha Eritrea, na Eritrea ya vita mtoto alikimbia kujificha, si kushindana. Mbio zilimkuta San Diego, katika kipindi cha michezo shuleni. Mwalimu aliwaambia watoto wakimbie maili moja, na atakayejitahidi atapata alama ya juu. Yule mtoto wa darasa la saba, aliyekuwa bado anahangaika na lugha, akakimbia maili ile kwa dakika 5 na sekunde 20. Mwalimu akashika simu kumpigia kocha wa shule ya sekondari. Walimu wa michezo mliopo hapa, mmesikia.

Kutoka hapo njia yake ni ya Kimarekani kabisa: sekondari, ubingwa wa jimbo, kisha ufadhili wa chuo kikuu cha UCLA, alikokutana na kocha Bob Larsen. Mwaka 1997 peke yake alichukua mataji manne ya vyuo vikuu vya nchi nzima, likiwemo la mbio za nyika. Mwaka 1998 akapata uraia. Na Larsen hakumwacha tena. Waliendelea pamoja mpaka mbio ya mwisho mwaka 2017, miaka zaidi ya ishirini na kocha mmoja. Huku kwetu kijana anabadilisha kocha kila akipoteza mbio mbili. Nalisema hilo na kuliacha hapo.

Sasa muielewe Marekani ya wakati ule, kwa sababu ilikuwa katika hali ya aibu. Miaka ya sabini na mwanzo wa themanini walitamba: Frank Shorter dhahabu ya Olimpiki mwaka 1972 na fedha mwaka 1976, Bill Rodgers akashinda Boston mara nne na New York mara nne, Alberto Salazar akatwaa New York mara tatu mfululizo mpaka 1982. Baada ya Greg Meyer kushinda Boston mwaka 1983, wanaume wao wakazimika. Ikangaa, Mkenya Ibrahim Hussein na wenzao wakaingia na kuchukua mji. Hali ikafika mahali ambapo katika Olimpiki ya Sydney mwaka 2000 Marekani, nchi ya watu karibu milioni 280, ilipeleka mwanamume mmoja tu kwenye marathoni, akamaliza wa 69.

Walichofanya ni hiki. Larsen na mzee mwingine, kocha Joe Vigil, waliacha kusubiri kipaji kijitokeze chenyewe. Mwaka 2001 walikusanya wakimbiaji wachache na kuwapeleka Mammoth Lakes, mji mdogo wa milimani California, kama mita 2,400 juu ya usawa wa bahari. Iten nako ni mita 2,400 hivi. Unaona walikoangalia! Walikaa pamoja, wakakimbia pamoja, wakashindana wao kwa wao kila asubuhi. Ilikuwa kambi ya kawaida kabisa, kitu ambacho Wakenya walikuwa nacho zamani na Wamarekani walikuwa wamekisahau kila mtu alipokwenda zake na kocha wake. Miaka mitatu baadaye, katika Olimpiki moja ya Athens, kambi hiyo ilitoa medali mbili za marathoni: Deena Kastor shaba kwa wanawake, Meb fedha kwa wanaume.

Mwaka huo wa 2001 Meb alivunja rekodi ya Marekani ya mita 10,000 kwa 27:13.98. Rekodi ya taifa ya Marekani! Lakini Mkenya Paul Tergat alikuwa amekwisha kukimbia 26:27.85 tangu 1997. Uwanjani hiyo ni tofauti ya zaidi ya mita 250. Meb aliiona hesabu hiyo mapema kuliko wengi, na nadhani hapo ndipo kazi yake halisi ilipoanza: alikubali kwamba kwenye mashindano ya saa atashindwa siku zote, akaanza kutafuta mbio ambazo saa haina kauli ya mwisho.

Ni mbio zipi hizo? Berlin, Chicago ya miaka ile, Dubai, London: huko kuna wakimbiaji wa kukodiwa wanaoongoza kasi, wanakupeleka kama uko kwenye reli mpaka kilomita ya 30 au zaidi, halafu wanatoka. Mwenye injini kubwa ndiye anayebaki. Lakini Boston haina waongoza kasi, New York iliwaondoa, na Olimpiki haijawahi kuwa nao. Huko kila mtu anamtazama mwenzake, hakuna anayetaka kuongoza, na barabara zenyewe ni milima na mabonde. Muda wako bora haukupi hata hatua moja ya bure.

Athens, tarehe 29 Agosti 2004. Mbio zinaanza jioni kwenye kijiji cha Marathon chenyewe, joto ni nyuzi 30 hivi, na njia inapanda kwa kilomita nyingi kabla ya kushuka mjini. Tergat yupo, mwenye rekodi ya dunia ya 2:04:55. Muda bora wa Meb siku hiyo ni 2:10:03, zaidi ya dakika tano nyuma. Kwa orodha ya muda alikuwa wa 39 kati ya waliojiandikisha. Stefano Baldini wa Italia alishinda kwa 2:10:55, Meb akafuata kwa 2:11:29. Vanderlei de Lima wa Brazil, aliyekuwa akiongoza, alivamiwa barabarani na mtazamaji, kasisi wa zamani wa Ireland, akapoteza sekunde na mdundo wake, akamaliza wa tatu. Tergat alikuwa wa kumi. Tazameni: Meb alikimbia polepole kuliko muda wake bora kwa dakika moja na nusu tu. Tergat alikuwa polepole kuliko wake kwa dakika nyingi mno. Joto huwaadhibu wote, lakini haliwaadhibu sawa, na Meb alikuwa amejiandaa kwa siku mbaya.

Baada ya hapo akapata nafasi za pili na tatu New York na Boston. Mambo mazuri. Halafu ikaja tarehe 3 Novemba 2007, mchujo wa Olimpiki wa Marekani, ndani ya Central Park. Rafiki yake Ryan Shay alianguka kabla ya kufika maili ya sita, akafariki siku hiyo hiyo. Meb alimaliza wa nane, na ndipo ikagundulika kwamba mfupa wa nyonga ulikuwa na ufa. Ameeleza kwamba kuna siku alitambaa kwa mikono ndani ya nyumba kwa sababu miguu haikumbeba. Beijing 2008 akaikosa. Alikuwa na miaka 33. Wengi walimwandikia buriani.

Tarehe 1 Novemba 2009 akarudi New York. Mwishoni alibaki na Robert Kipkoech Cheruiyot, bingwa wa Boston mara nne. Wakaingia Central Park, Meb akamwacha kwenye vile vilima, akapita mahali alipoanguka Shay akapiga ishara ya msalaba, akamaliza kwa 2:09:15. Mmarekani wa kwanza kushinda tangu Salazar mwaka 1982. Miaka 27.

Na hapa kuna jambo linaniudhi mpaka leo. Baada ya ushindi huo mtangazaji mmoja wa habari za biashara wa televisheni ya kwao aliandika kwamba ushindi huo hauna uzito, kwa kuwa Meb si Mmarekani wa kuzaliwa. Baadaye aliomba radhi. Lakini sisi nasi tunafanya kosa hilo hilo kutoka upande wa pili tunaposema "huyo ni wetu". Wamarekani walimpa shule, kocha, kambi, hospitali na ufadhili wa chuo. Eritrea ilimpa maisha na wazazi wa aina ile. Mgawanyo wa medali aufanye mwenyewe. Alivaa jezi ya Marekani, na hakuna aliyemlazimisha.

Sasa tuje kwenye fedha, maana vijana mnataka kujua watu hawa wanaishi vipi. Mkimbiaji wa kulipwa wa mbio ndefu hana mshahara kama wa mchezaji wa mpira. Ana mambo matatu. Kuna mkataba wa kampuni ya viatu, ambao ndio mkate wa kila siku. Kuna malipo ya kujitokeza, ambayo waandaaji wanakulipa kwa jina lako hata kabla hujafunga kamba za viatu. Kuna zawadi ya ushindi na bonasi ya muda. Mkataba wa viatu una masharti: usipokimbia unapunguzwa, ukishuka kwenye orodha unapunguzwa, na muda ukiisha hawana deni nawe.

Mwaka 2010 Meb alimaliza wa sita New York. Alikuwa na miaka 35. Mkataba wake na Nike ukaisha, nao hawakuuongeza. Bingwa wa New York wa mwaka uliotangulia, mwenye medali ya Olimpiki, hana kampuni ya viatu! Kwa miezi kadhaa hali ikawa hiyo. Aliyemchukua mwaka 2011 ni Skechers, kampuni ambayo watu wa riadha walikuwa wakiicheka, wakisema ni viatu vya kwenda navyo sokoni. Yeye akakaa nao mezani kutengeneza kiatu cha mashindano. Ukiwa na mke na mabinti watatu huwezi kuchagua kampuni kwa sababu ya umaarufu wa alama yake.

Novemba 2011, New York tena. Alikuwa na kawaida ya kubandika kibandiko cha puani kinachosaidia kupumua. Siku hiyo kibandiko kimoja kilibaki ndani ya kiatu bila yeye kujua, akakimbia kilomita 42 kikimchuna mguu. Akapata muda wake bora, 2:09:13, na kidonda kilichoingia maambukizi. Mchujo wa Olimpiki ulikuwa Januari 2012, wiki kumi tu mbele, na sehemu ya wiki hizo hakuweza kukimbia. Akaenda Houston hivyo hivyo na kushinda, 2:09:08, muda bora tena, miaka 36. (Makocha, tafadhali kagueni viatu vya vijana wenu kabla ya mbio. Mwangalie na ndani.)

London 2012 wengi mnaikumbuka kwa sababu ya jirani yetu Stephen Kiprotich wa Uganda, aliyewaacha Abel Kirui na Wilson Kipsang na kuchukua dhahabu. Nyuma yao Meb alikuwa anasumbuliwa na tumbo, nje kabisa ya kumi bora nusu ya njia. Akaanza kuokota mmoja mmoja. Akamaliza wa nne. Hakuna medali ya nafasi ya nne, lakini mkimbiaji yeyote anajua ni ngumu kiasi gani kuendelea kukimbia vizuri wakati mbio zimekwisha kukukataa.

Na sasa Boston 2014. Hapa nitakaa kidogo.

Mwaka uliotangulia, tarehe 15 Aprili 2013, Meb hakukimbia kwa sababu ya jeraha la mguu. Alikuwa mtazamaji pale kwenye mstari wa mwisho, akaondoka muda mfupi kabla mabomu hayajalipuka. Watu watatu waliuawa pale, na siku chache baadaye polisi mmoja wa chuo akauawa kwa risasi na wale wale waliotega mabomu. Mwaka uliofuata Meb aliandika majina ya wote wanne kwa kalamu kwenye pembe za namba yake ya kifuani: Martin, Krystle, Lingzi, Sean.

Alikuwa amebakiza wiki mbili kufikisha miaka 39. Kwenye orodha ya muda alikuwa wa 15 hivi. Bingwa mtetezi Lelisa Desisa wa Ethiopia yupo. Dennis Kimetto yupo, ambaye alikuwa ametoka kukimbia 2:03:45 Chicago na ambaye miezi mitano baadaye angeweka rekodi ya dunia ya 2:02:57. Ukiwapanga kwa saa, Meb hana kazi ya kufanya pale.

Kabla ya kilomita ya 15 Meb aliongeza mwendo kidogo pamoja na Josphat Boit, Mmarekani mzaliwa wa Kenya. Hakufyatuka. Alikimbia kasi yake mwenyewe, ile aliyoifanyia mazoezi, na kundi likabaki nyuma. Kwa nini halikumfuata? Hapo ndipo penye uhondo. Kila mmoja kwenye kundi alikuwa akimwogopa Desisa na Kimetto, si mzee wa miaka 38 mwenye 2:09. Atakayetoka kumfuata Meb atakuwa anawavuta wapinzani wake bure. Kwa hiyo wakatazamana. Walihesabu kwamba vilima vya Newton, vilivyokuwa mbele njiani, vitamrudisha, kama vinavyowarudisha wengi. Inasimuliwa pia kwamba Ryan Hall na Wamarekani wengine waliokuwemo kwenye kundi hawakuwa na haraka yoyote ya kuhimiza wenzao.

Boit akabaki nyuma. Meb akapita Newton peke yake na pengo likazidi dakika moja. Ndipo Wilson Chebet wa Kenya alipoelewa kilichotokea na kuanza kufukuza. Alikula sekunde kilomita baada ya kilomita. Zikiwa zimebaki kilomita mbili hivi, Meb alipogeuka alimwona kwa macho. Amesema alisikia tumbo likitaka kutapika na akajizuia, kwa sababu Chebet akimwona anatapika atapata nguvu. Akamaliza kwa 2:08:37, Chebet 2:08:48, Frankline Chepkwony 2:08:50. Sekunde kumi na moja. Kimetto na Desisa hawakumaliza. Mwanamume wa kwanza wa Marekani tangu Meyer, na bingwa mzee kuliko wote Boston katika zaidi ya miaka 80. Zawadi ya mshindi ilikuwa dola 150,000, na wale wa viatu vya sokoni nadhani siku hiyo walilala vizuri.

Ikangaa alikuwa wa pili Boston mara tatu mfululizo, 1988 mpaka 1990, na ile ya kwanza alishindwa na Ibrahim Hussein kwa sekunde moja. Namtaja kwa heshima. Ikangaa alizoea kuongoza kwa nguvu tangu mwanzo, na kila mtu alijua ataongoza, kwa hiyo kila mtu alimfuata. Meb aliachwa aende kwa sababu hakuna aliyemhofia. Mbinu ni ile ile, isipokuwa mmoja alikuwa na jina kubwa.

Mtaniuliza alifanyaje mazoezi uzeeni. Aliacha wiki ya siku saba. Alipanga mzunguko wa siku tisa, ili kati ya siku moja ngumu na nyingine mwili upate nafasi ya kupona. Mbio zile zile, kasi ile ile, nafasi zaidi katikati. Baadhi ya siku nyepesi alipanda baiskeli inayoendeshwa kwa kusimama badala ya kukanyaga lami. Kocha mwenye mkimbiaji wa miaka 34 anayeumia kila mwezi na aijaribu hiyo kabla hajamfukuza kambini.

Akiwa na miaka 40 akafuzu tena Olimpiki, wa pili nyuma ya Galen Rupp. Rio 2016 tumbo lilimkatalia, akamaliza wa 33, akateleza na kuanguka karibu na mstari, akapiga pushapu pale chini watu wakamshangilia, kisha akainuka na kuvuka. Siku hiyo Eliud Kipchoge alishinda, na wa tano alikuwa kijana wetu Alphonce Simbu. Mwaka 2017 Meb akakimbia marathoni yake ya 26 na ya mwisho ya ushindani, New York, wa 11, miaka 42.

Nimemtaja Simbu, basi niseme lililobaki. Septemba 2025, mashindano ya dunia, Tokyo: joto, unyevu, hakuna waongoza kasi. Simbu alishinda kwa 2:09:48 na Amanal Petros wa Ujerumani, naye mzaliwa wa Eritrea, akapewa muda ule ule, ikabidi picha iamue. Ukipeleka 2:09:48 Valencia siku hizi hutaonekana hata kwenye kumi bora. Kwa hiyo yule aliyeuliza wakati wa chai kwa nini Mmarekani, naomba sasa asimame, tuanze maswali na yeye.